Rais Ameamua Peke Yake: Uende Kortini, Bungeni, Barabarani au Umwendee Mwenyewe?

Tarehe 13 Septemba 2022 nilikuwa kwa kinyozi Changamwe, Mombasa, kichwa kimenyolewa nusu, runinga ikionyesha William Ruto akiapishwa kuwa rais wa Kenya kule Kasarani, Nairobi. Aliposema atatoa agizo shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa, kinyozi aliiacha mashine ikinguruma hewani akapiga makofi. Nje, malori yakapiga honi. Nami nikapiga makofi, shuka la kinyozi shingoni. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake, wakala wa kutoa mizigo tangu enzi za karatasi za kaboni, alikaa kimya mpaka kelele zikaisha, kisha akasema: "Huyu kairudisha kwa mdomo. Na atakayekuja baada yake, mdomo hatakuwa nao?"

Mzee alikuwa na sababu. Agosti 2019 mamlaka za bandari na za ushuru zilitoa ilani kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na bara ipakiwe kwenye SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Hakukuwa na sheria mpya iliyopitishwa Bungeni, wala mtu hakuja kutuuliza. Watu wakaingia barabarani Jumatatu baada ya Jumatatu, na kila mwenye kipaza sauti alikuwa na swali moja: ni sheria gani inayosema hivi? Miaka mitatu baadaye agizo jingine, nalo bila sheria mpya, likatupa tulichotaka. Swali la sheria hatukulisikia tena.

Sisi umma ndivyo tulivyo. Rais akiamua peke yake jambo tunalolipenda, tunamwita mchapakazi, mtu asiyecheza. Akiamua jambo linalotuuma, tunakumbuka katiba, ibara kwa ibara. Sisemi ni unafiki, ni kwamba tumbo husema kabla ya kichwa. Lakini ukiwa umeumia kweli na unataka kufanya kitu, tumbo si mshauri mzuri wa njia ya kufuata. Njia zilizopo ni nne, kila moja ina dawa yake na sumu yake, na nimeona watu wakipoteza mwaka mzima kwa kuingia njia isiyotibu kilichowauma.

Kabla ya kuchagua: ni jambo au ni namna?

Tarehe 2 Julai 2023, kwenye ibada huko Molo, Rais Ruto alitangaza kwamba marufuku ya kukata miti iliyowekwa mwaka 2018 imeondolewa. Molo na Elburgon ni miji iliyolelewa na mbao, kwa hiyo kwao ilikuwa sikukuu. Watetezi wa mazingira nao wakashika vichwa. Ukisikiliza kwa makini, pande zote mbili zilikuwa zinabishana kuhusu jambo lenyewe: huyu anataka kazi, yule anataka msitu. Chama cha Mawakili kilipokwenda kortini kilibeba hoja nyingine kabisa, kwamba umma haukushirikishwa. Hiyo ni hoja ya namna. Agosti 1 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasimamisha kwa muda.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga watu waliokuwa wamebanana Likoni wakingoja feri, alasiri, saa ya kafyu haijafika. Uliza mtu yeyote wa ng'ambo ya Likoni: wengi hawakuwa na ugomvi na kafyu, maana ugonjwa ulikuwa unatisha. Ugomvi wao ulikuwa na rungu. Kesi ilipoamuliwa Aprili, Mahakama Kuu iliiacha kafyu isimame, ikasema yale mapigo ndiyo yaliyovunja katiba. Jambo lilipita, namna ikaanguka.

Basi jiulize hilo kwanza, kwa ukweli. Kama rais angelipeleka hili Bungeni, likajadiliwa, likapita kihalali, bado ungekasirika? Ukijibu ndiyo, kinachokuuma ni jambo. Ukijibu hapana, ni namna. Ukijibu vyote viwili, jitayarishe kwa safari ndefu.

Njia zote nne nitazipima kwa vipimo vilevile: muda inaochukua, gharama yake (ya mfuko na ya mwili), inatibu nini, na matokeo yake yanadumu kiasi gani. Mwisho wa kila moja nitasema inamfaa nani. Mifano mingi ni ya Kenya kwa kuwa ndiko ninakoishi. Tanzania nitaigusa pale ambapo mambo yanakwenda tofauti.

Njia ya kwanza: kortini

*Muda.* Korti ina mlango wa haraka na ua mrefu. Mlango wa haraka ni agizo la muda la kusimamisha mambo mpaka kesi isikizwe, na linaweza kupatikana kwa siku chache. Mpango wa kupeleka polisi wa Kenya Haiti ulisimamishwa hivyo Oktoba 2023. Ua wenyewe sasa: kesi ya zabuni ya SGR ilifunguliwa 2014, na Mahakama ya Rufaa ikasema Juni 2020 kwamba zabuni ile ilikiuka sheria. Treni ya abiria ilikuwa inapiga honi tangu mwisho wa Mei 2017, na mvutano haukuishia hapo.

*Gharama.* Hapa katiba ya 2010 ilitufanyia wema. Ibara ya 22 na ya 258 zinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea haki au katiba yenyewe, hata kama si yeye aliyeumia. Si lazima uwe na wakili. Okiya Omtatah, kabla ya kuwa seneta wa Busia, alifungua kesi juu ya kesi akijitetea mwenyewe, na hakusomea uanasheria. Hata hivyo usidanganyike. Kesi kubwa inakula siku zako za kazi na nauli, na upande wa pili utakuja na mawakili wanaolipwa kwa kodi yako wewe.

Tanzania mlango huu ulibanwa. Marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aape kwamba ukiukaji umemgusa yeye binafsi. Kesi za mtindo wa Omtatah, za kutetea watu wote kwa jumla, huko zikawa ngumu kuzifungua.

*Inatibu nini.* Namna, kwa sehemu kubwa. Hili ndilo watu hawataki kulisikia. Kesi ya Haiti ndiyo darasa lake. Januari 26, 2024 Mahakama Kuu ilisema polisi hawawezi kupelekwa nchi ambayo haina mapatano nasi ya aina hiyo. Watu wakashangilia, wakadhani imekwisha. Machi 1 serikali ikatia saini mapatano na Haiti. Juni 25 polisi wetu wakatua Port-au-Prince. Korti ilikuwa imeonyesha tundu, serikali ikaliziba, safari ikaendelea. Kama ulipinga polisi kwenda Haiti kwa vyovyote vile, ulishinda kesi ukashindwa vita.

Kitu kimoja cha kushika mkononi kabla hujamwona wakili: Ibara ya 135 inasema uamuzi wa rais chini ya katiba uwe kwa maandishi, wenye muhuri na saini yake. Kwa hiyo swali la kwanza utakaloulizwa ni "liko wapi?" Je, ni notisi kwenye Gazeti Rasmi, ni waraka wa wizara, au ni video ya simu iliyorekodiwa rais akiwa amesimama juu ya gari pale stendi? Tamko la barabarani halina nguvu ya waraka, ingawa maafisa hulikimbilia kulitekeleza kana kwamba lina. Tafuta barua ambayo afisa wa chini aliandikiwa ili atekeleze. Mara nyingi kesi hushikilia hapo.

*Kinachobaki.* Hapa korti haina mpinzani. Aprili 2015, siku ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makurutu 10,000 wa polisi, ambao usajili wao ulikuwa umefutwa na korti, waripoti chuo cha polisi cha Kiganjo. Nchi ilikuwa inalia, na wengi waliona ameamua vyema, lakini korti ikalisimamisha agizo lile. Halafu ikaja BBI, mpango wa kubadilisha katiba: kuanzia Mahakama Kuu Mei 2021 hadi Mahakama ya Juu Machi 31, 2022, majaji walishikilia kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa njia ambayo imewekewa wananchi. Kumbuka waliounga mkono BBI walikuwa wanaimba kwamba hakuna wa kusimamisha reggae, yaani mpango wao. Rais yeyote atakayejaribu tena atakutana na uamuzi huo mlangoni.

*Inamfaa nani.* Mwenye ushahidi wa maandishi, mwenye subira, na ambaye hoja yake ni kwamba hatua zimerukwa. Pia yule ambaye madhara yakishatokea hayarudishiki: mti ukishaanguka hausimamishwi, nyumba ikishabomolewa imebomolewa.

Njia ya pili: bungeni

*Muda.* Wa kobe, isipokuwa mahali pamoja. Kanuni zinazotungwa na waziri chini ya sheria lazima ziwekwe mezani Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu zichapishwe. Zisipowekwa, zinakufa zenyewe. Mambo mengi tunayoyaita "amri ya rais" huvaa mwishowe nguo ya kanuni za waziri, na hapo ndipo pa kuzikamata. Watu wachache sana hufuatilia, jambo ambalo nalionea huruma, maana ni kazi ya kuhesabu siku kwenye kalenda tu.

*Gharama.* Nafuu kuliko zote. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi, na ombi hilo linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hata kwa mkono, mradi lugha iwe ya heshima. (Usiandike unavyoandika kwenye kundi la WhatsApp.) Eleza agizo, eleza linavyokuumiza, sema ulishajaribu wapi, sema unataka Bunge lifanye nini, tia saini na jina. Hakuna atakayekupiga kitoa machozi kwa hilo.

*Inatibu nini.* Kwenye karatasi, yote mawili: Bunge linaweza kufuta jambo na linaweza kunyoosha namna. Lakini tunajua wabunge wetu. Septemba 2018 ushuru wa asilimia 16 kwenye mafuta ulipoanza kuuma, wabunge walikuwa wameshapiga kura kuuahirisha kwa miaka miwili. Uhuru akakataa kutia saini, akarudisha mapendekezo ya asilimia 8. Ili kumpindua walihitaji thuluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349. Siku ya kura walipiga kelele, wakapiga meza, lakini 233 hawakupatikana, na 8 ikapita. Ni nusu ya maumivu, si kitu cha kubeza, ila si walichoahidi majukwaani.

*Kinachobaki.* Sheria ikibadilishwa, inabaki mpaka Bunge jingine liibadilishe. Hata ombi lililokataliwa linabaki kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na wakili atakuja kulitumia siku moja kuonyesha kwamba serikali iliambiwa ikaziba masikio.

*Inamfaa nani.* Vyama vya wakulima, wasafirishaji, wavuvi, walimu: watu wenye jambo mahususi, wanaoweza kurudi ofisi ya karani mara tano bila kuchoka, na ambao mbunge wao anaogopa kura zao.

Njia ya tatu: barabarani, na mtandaoni

*Muda.* Ndiyo ya haraka kuliko zote ikishika moto, na isiposhika hakuna kitu. Juni 25, 2024, ndiyo, siku ileile polisi wetu wanatua Haiti, vijana waliingia Bunge la Nairobi. Siku ya pili Ruto akasema hatautia saini Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya waliokuwa wakiupinga. Saa 24. Hakuna korti wala kamati itakayokupa kasi hiyo.

Msomaji makini atanisahihisha kwamba mswada ule ulipitia Bungeni, haukuwa uamuzi wa mtu mmoja. Kweli. Ila barabara hazikuwa zinazungumza na wabunge tena, zilikuwa zinazungumza na mtu mmoja, na mtu mmoja ndiye aliyejibu. Wabunge waliokuwa wameupitisha mchana ule walijikuta hawana la kusema.

*Gharama.* Hapa ndipo ninapoandika polepole. Kufikia katikati ya Julai 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 50 waliokufa, na wengine walikuwa hawajulikani walipo. Mtu akikuambia maandamano ni bure kwa kuwa hayahitaji wakili, mwonyeshe hesabu hiyo. Kisheria Ibara ya 37 inakulinda ukiandamana kwa amani bila silaha, na sheria inakutaka umpe mkuu wa kituo cha polisi taarifa, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa, huombi ruhusa. Ipeleke kwa nakala mbili, moja ikagongwe muhuri urudi nayo. Karatasi ile haizuii risasi, ila itakusaidia ukifikishwa kortini.

Mtandao umepunguza sehemu ya gharama. Mwaka 2024 vijana walifafanua mswada kwa lugha za mama kwenye video fupi, wakachangisha pesa za hospitali na mazishi kwa simu, wakasambaza namba za wabunge mpaka simu zikazimwa. Lakini wapo pia waliochukuliwa majumbani kwa sababu ya walichoandika. Kukaa nyumbani na simu si salama kama tulivyodhani.

*Inatibu nini.* Jambo. Barabara haijui ibara, inajua "toa" au "ondoa". Kwa hiyo ni dawa kali kwa anayepinga jambo lenyewe, na haimsaidii sana anayetaka utaratibu ufuatwe. Tazama inavyoishia: rais anaondoa alichoweka, tena peke yake. Novemba 21, 2024 Ruto alisimama mbele ya Bunge akafuta mpango wa kampuni ya Adani ya India kuhusu uwanja wa ndege wa Nairobi. Kabla ya hapo korti ilikuwa imeusimamisha kwa muda, wafanyakazi wa uwanja wamegoma, na siku moja tu nyuma waendesha mashtaka wa Marekani wamemtangazia mwenye kampuni mashtaka. Wabunge walimpigia makofi ya kusimama. Nilipoyaona nilikumbuka kinyozi wa Changamwe.

*Kinachobaki.* Kidogo, kusipokuwa na kazi ya kufuatilia. Baadhi ya kodi zilizokataliwa Juni zilirudi Desemba hiyohiyo kwenye sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, kimyakimya, watu wakiwa kwenye foleni za mabasi ya Krismasi.

Barabara hufanya kazi vizuri ikiwa na korti ubavuni. Januari 27, 2017 Donald Trump alitia saini amri ya kuwazuia wasafiri wa nchi 7, Somalia ikiwamo, na wakimbizi waliokuwa wameshatolewa kambi ya Dadaab hadi Nairobi kungoja ndege wakakwama. Kesho yake viwanja vya ndege vya Marekani vilijaa watu wenye mabango, na mawakili wamekaa sakafuni wakiandika kesi kwenye kompyuta za mapajani. Usiku huohuo jaji wa Brooklyn akazuia watu kurudishwa walikotoka. Mwaka uliofuata, Juni 2018, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliruhusu toleo la tatu la amri hiyo, ambalo lilikuwa limeandikwa upya mara mbili ili lipite. Walichopata waandamanaji ni muda, na familia zilizovuka ndani ya muda huo.

*Inamfaa nani.* Jambo linalowauma wengi kwa pamoja na linaloelezeka kwa sentensi moja. Kama malalamiko yako yanahitaji kurasa tatu, barabara itakuchosha.

Njia ya nne: kumwendea mwenyewe

Wasomi huidharau njia hii, na bado ndiyo inayotumiwa na watu wengi kuliko zote tatu.

*Muda.* Dakika, ukibahatika. Tanzania, enzi za John Magufuli, msafara ulikuwa unasimama njiani, mama anainua bango la boksi lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, anapewa kipaza sauti, mkuu wa wilaya anaulizwa palepale mbele ya umati. Kenya tunayo yetu: ujumbe wa wazee Ikulu, maaskofu na mashehe, mbunge anayenong'ona kwenye mazishi.

*Gharama.* Boksi na kalamu. Ila ipo gharama isiyoonekana: utapaswa kushukuru, hadharani, na shukrani hiyo itatumika kwenye kampeni.

*Inatibu nini.* Jambo lako, kwa wakati wako. Namna haiigusi hata kidogo, bali inaitia mbolea, kwa sababu unamwomba mtu mmoja aamue peke yake tena, safari hii kwa upande wako.

*Kinachobaki.* Mfano mzuri ni kikokotoo, yaani hesabu ya kupata mafao ya mstaafu. Kanuni mpya za mafao zilipowatia hofu wafanyakazi wa Tanzania, Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vyao Desemba 28, 2018 akaagiza kikokotoo cha zamani kiendelee hadi 2023. Walimu na wauguzi walisherehekea mwaka mpya vizuri. Alikuwa ameshafariki Julai 2022 kilipoanza kikokotoo kingine, cha asilimia 33 kwa mkupuo. Aliyestaafu katikati ya tarehe hizo mbili alineemeka, na waliofuata wakaanza kudai upya. Mikutano ya hadhara ya vyama nayo ilifungwa 2016 kwa kauli, ikafunguliwa Januari 3, 2023 kwa kauli ya Rais Samia Suluhu Hassan. Waliofurahi walikuwa na haki ya kufurahi, ingawa mlango uliofunguliwa kwa kauli ufunguo wake unabaki kwa msemaji.

*Inamfaa nani.* Mtu mmoja au kijiji kimoja, tatizo dogo kwa serikali lakini kubwa kwako: hati ya shamba, fidia ya barabara, daktari asiyekuja. Kwa hayo simlaumu mtu. Mwenye njaa haambiwi asubiri Bunge.

Sasa, kwa hali yako

*Agizo limeanza kutekelezwa na madhara hayarudishiki.* Kortini wiki hiihii, na uombe kusimamishwa kwanza kabla ya mengine yote. Ukiweza, watu wawe nje ya korti kwa utulivu. Ukianza na ombi la Bunge, utajibiwa msitu ukiwa mbao.

*Unakubaliana na jambo, umechukizwa na jinsi lilivyofanywa.* Korti, kama wale wa Likoni. Usiende barabarani, kwa sababu utasimama bega kwa bega na wanaotaka jambo lenyewe life, na mwisho wa siku mtahesabiwa pamoja.

*Unalipinga jambo lenyewe, lakini hatua zote za kisheria zimefuatwa.* Korti haitakusaidia sana, na wakili mwaminifu atakwambia hivyo kabla hajachukua pesa yako. Hapo ni barabara, mbunge, na kadi ya kura. Kama ni barabara, panga tangu mwanzo nani atakuwa anasoma miswada ya Desemba.

*Ni kanuni za waziri, si hotuba.* Hesabu zile siku 7 za vikao. Ikiwa hazijawekwa mezani, una hoja bila kusema neno moja kuhusu ubaya wa kanuni zenyewe.

*Ni tamko la barabarani tu, hakuna karatasi.* Usikimbilie popote bado. Mengine hufa yenyewe, yalisemwa kufurahisha umati. Mwandikie ofisa husika barua ukimwomba nakala ya agizo. Ibara ya 35 inakupa haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na majibu yake, au ukimya wake, yatakuonyesha kama kuna kitu cha kupigania.

*Mko wachache na hamna fedha.* Anzeni na ombi la Bunge kwa Kiswahili chenu, huku mkitafuta chama kikubwa zaidi chenye maumivu kama yenu. Mkisikia kuna kesi imeshafunguliwa, ombeni kuunganishwa badala ya kufungua nyingine.

*Uko Tanzania.* Kama agizo limekugusa wewe mwenyewe, kwa jina lako, kwa shamba lako, kwa kibali chako, korti bado ni njia. Kama linamgusa kila mtu kwa jumla, tafuteni mmoja wenu aliyeumia waziwazi awe mbele, wengine mumchangie. Wengi wataanza na bango, naelewa. Lakini mkijibiwa, ombeni jibu kwa maandishi.

*Umelipenda agizo.* Hii hali watu hawaijumuishi, nami naiona muhimu kuliko zote. Kama uamuzi wa mtu mmoja umekunufaisha, una kazi ya kufanya wakati bado unanufaika: mwombe mbunge wako aufanye sheria, chama chenu kipeleke ombi, kanuni ziandikwe na kuwekwa mezani. Ukisubiri mpaka rais mwingine aapishwe, utakuwa umechelewa.

Yule mzee wa Changamwe alikuwa amepanga chumba Embakasi mwaka 2019, karibu na bohari ya makontena, kazi ilipohamia Nairobi. Baada ya tangazo la Kasarani mkewe alimwambia akirudishe, kodi ya nini tena na kazi imerudi nyumbani? Nilipokutana naye mwaka uliofuata kwenye msikiti wa soko, ufunguo wa chumba kile bado ulikuwa kwenye pete moja na wa nyumba yake. Nikamuuliza anangoja nini. Akaniambia, "Nangoja nione imeandikwa wapi."